Kikombe cha Madame Clotilde na Jina la Baba Yangu

Kabla sijaanza, nitenganishe mambo mawili, kwa sababu nimeishi muda wa kutosha kuona madhara ya kuyachanganya. Yapo niliyoyaona kwa macho haya nikiwa na umri wa miaka tisa, na yapo niliyoambiwa. Nikisema niliona, niliona. Nikisema niliambiwa, nitamtaja aliyeniambia, nawe msomaji utampima mwenyewe. Na nitakapofika mahali macho yangu yalipoishia, nitanyamaza, hata kama utatamani niendelee.

Harufu niliinusa mwenyewe. Ilikuwa hapa Durban, katika nyumba yetu ya kupanga pale Overport, miaka mitatu baada ya Kombe la Dunia kupita nchini. Mjukuu wangu Nsimire, binti wa mwanangu, alikuwa ameanza kufundishwa tenisi shuleni, akarudi na kopo la mipira mipya. Alivuta kipete cha mfuniko. Kopo likatoa pumzi fupi, fss, kama mtu aliyekatizwa akianza kusema, na sebule yote ikajaa harufu ya mpira na gundi na manyoya mapya ambayo hayajaguswa na vumbi. Niliweka miwani juu ya meza. Nilikuwa sijainusa harufu hiyo kwa miaka sitini, na pua yangu iliitambua kabla sijaikumbuka.

Huenda ningeiacha ipite, kama si Deo. Huyu ni fundi wa simu, mtu wa Uvira, kijana mwenye mikono mizuri na mdomo usiopumzika. Jumapili iliyofuata tulikuwa tumesimama chini ya kibaraza cha kanisa tukisubiri mvua ipungue, akamwona Nsimire na raketi begani.

"We mama mudogo, unacheza tenisi sasa? Chunga wasikuibie kombe kama ile ya Bukavu!"

"Ipi ya Bukavu?" nikauliza.

"Papa Mwalimu, haujui? Iko Mzungu mumoja, mwanamuke, champion wa dunia, zamani kabisa. Alikuwa na kombe ya dhahabu. Mutu wa kuchunga uwanja akaiiba, akaiyeyusha, akanunua camion, lori muzima. Bisimwa, ndiyo jina yake. Mutu wa kwetu ana akili, eish!"

"Wewe ulimwona?"

"Papa, watu wote wanajua."

"Watu wote si jina la mtu. Nani alikuambia?"

"Mujomba wangu."

"Naye aliambiwa na nani?"

Deo akawageukia wengine, mikono juu kama mtu aliyekamatwa. "Muone huyu! Papa Mwalimu ni mubaya kuliko wale wa karatasi ya ukimbizi. Sasa ataniomba na alama ya kidole!"

Watu wakacheka, na sikumchukia kwa hilo, kwa maana hakujua anazungumza na nani. Hapa wananiita Papa Mwalimu tu, na wengi hawajawahi kuhitaji jina langu jingine. Nsimire hakucheka. Jina la Bisimwa limeandikwa kwa mkono wake mwenyewe juu ya kila daftari alilonalo.

Tulipofika kwenye robot, tukisubiri taa ya kijani, akaniuliza bila kuniangalia: "Babu, huyo Bisimwa ni wetu?"

"Ni baba yangu."

"Aliiba?"

Nilimwomba anipe siku chache. Mwalimu aliyetumia miaka thelathini na nne kuwaambia wanafunzi wasijibu swali kabla ya kulisoma mara mbili hawezi kujibu swali kama hilo kando ya barabara. Haya ndiyo niliyomwandikia.

Baba yangu alikuwa mtunza uwanja wa tenisi nyumbani kwa Madame Clotilde, mjane wa Kibelgiji aliyeishi juu ya mteremko mmoja wa Bukavu. Uwanja ulikuwa wake binafsi, na ulikuwa umetengenezwa kwa matofali ya kuchoma yaliyopondwa na kuchekechwa mpaka yakawa unga mwekundu. Kila jioni baba aliumwagia maji kwa ndoo yenye matundu, kisha akalikokota gogo la chuma kutoka mstari hadi mstari, miguu pekupeku, akirudi kinyumenyume. Alipomaliza, udongo ulikuwa laini na wenye unyevu kama ngozi ya mtoto aliyetoka kuogeshwa. Tangu hapo mpaka jua la asubuhi liukaushe, hakuna aliyeruhusiwa kuupita. "Usikanyage," baba aliniambia, "bado unalala." Nilipokuwa mdogo zaidi niliamini kweli kwamba unalala, na nilikuwa nikinong'ona nikiwa karibu nao.

Sheria hiyo haikuwa ya baba. Ilikuwa ya Madame, naye aliilinda kuliko amri za kanisa. Niliona kwa macho yangu padri mmoja mnene akizungushwa kando kando ya uwanja, kanzu ikinasa kwenye miiba ya waridi, huku Madame akipaza sauti barazani: "Mon père, hapana pita! Bisimwa, onyesha yeye njia!" Upande wa mbali wa uwanja, nyuma ya waridi, palikuwa na birika kubwa la saruji la maji ya mvua, na udongo uliolizunguka haukukauka mwaka mzima.

Kuhusu maisha yake ya mchezo, naweza kuthibitisha machache. Niliona raketi yake ya zamani, ya mti, nyuzi za utumbo zimekatika, imetundikwa barazani. Niliona picha: msichana mwembamba, sketi nyeupe mpaka vifundoni, kofia pana iliyobanwa kwa pini, raketi imeshikwa mbele ya kifua kama mtu anayejifunika. Na nilimwona akicheza. Alikuwa amekaribia miaka sabini, au hivyo ndivyo nywele na mikono yake ilivyosema, lakini kila alasiri alivaa viatu vyake vyeupe vya turubai, vyenye nyayo bapa za mpira, akasimama kwenye mstari na kumwita baba upande wa pili wa wavu. Alianzisha mpira kwa kuupiga kutoka chini, kama walivyofanya wasichana wa zamani zake, na mpira ule mpole ulipofika kwa baba ulikuwa umegeuka kitu kingine: uligusa udongo, ukachepuka pembeni, ukamwacha baba amekumbatia hewa. Madame hakucheka kamwe. Alisema tu, "Ingine."

Mambo mengine niliyasikia akimsimulia baba wakati wa mapumziko, yeye kitini, baba amechuchumaa, mimi nyuma ya kopo la chokaa. Kwa hiyo nathibitisha kwamba aliyasema. Kwamba yalitokea, sithibitishi. Alisema alijifunza kwenye bustani ya baba yake pamoja na kaka zake wawili, kwa masharti kwamba asitoke jasho mbele ya wageni. Alisema mama yake alimshonea vipande vya madini ya risasi kwenye pindo la sketi ili upepo wa pwani usiwafurahishe watazamaji. Alisafiri kwa treni na mama huyo huyo, kiangazi kwenye viwanja vya majani kando ya bahari, majira ya baridi kwenye sakafu za mbao ndani ya majumba, ambako mpira ulilia kama mlango unaobamizwa. Kisha alifika fainali. Seti ya kwanza alishinda. Ya pili alishindwa. "Na ya tatu, Bisimwa..." alisema, na hapo, kila mara, alisimama, akapangusa sketi, akaomba mipira. Nilimsikia akifika kwenye seti ya tatu mara nyingi. Sikumsikia akiivuka hata siku moja. Baba hakumuuliza. Mji wote ulimjibia: alishinda, alikuwa bingwa, mfalme alimbusu mkono.

Baada ya hapo, kwa maneno yake, vita vya kwanza vikaja. Bustani ya baba yake ikapandwa viazi vya askari, kaka zake hawakurudi, na amani iliporudi wasichana wapya walikuwa wanapiga mpira kama wanaume. Aliolewa na mtu wa kahawa, akaja Kongo, akamzika huko. Kikombe alikuja nacho.

Kikombe nakithibitisha. Kilikaa juu ya kabati la sebuleni, na hakikuwa cha dhahabu, mwambieni Deo. Kilikuwa cha fedha, kidogo kuliko bilauri ya maziwa, chenye masikio mawili. Upande wenye maandishi uliangalia ukuta siku zote. Mara moja tu niliuona: Anastazi, mpishi, alikileta jikoni kukisugua kwa majivu, akakiweka mbele yangu juu ya benchi. Anastazi hakujua kusoma. Mimi nilikuwa mwaka wa tatu shuleni kwa mabruda na nilisoma chochote kilichonipita, hata mifuko ya saruji. Nilisoma kwa Kifaransa, herufi kwa herufi, jina la mji ambao sikuujua, na chini yake maneno yenye maana ya zawadi ya pili.

Sikumwambia mtu. Nilidhani ya pili ni baada ya nyingine ya kwanza, kwamba alikuwa na vikombe viwili, kama mtu mwenye kanzu mbili.

Sasa nakuja kwenye Jumapili yenyewe. Wageni walikuwa wanatarajiwa kutoka Usumbura, Bujumbura ya leo, wachezaji wa tenisi, Wazungu wenye magari mawili. Anastazi aliniambia kwamba walikuwa wameandika barua kuomba kupiga picha kikombe cha bingwa na kunywea mvinyo ndani yake. Barua hiyo sikuiona. Niliona Madame, wiki ile, akimfokea Anastazi kwa sababu ya chumvi, kisha kwa sababu ya ukosefu wa chumvi.

Jumamosi jioni baba aliulaza uwanja. Alfajiri ya Jumapili nilikwenda naye ili nimsaidie kushika kamba ya kuchorea mistari. Ukungu ulikuwa bado kwenye waridi, na kengele ya misa ya kwanza ilikuwa inaanza kulia. Tulipofika ukingoni baba akasimama ghafla, nami nikagonga mgongo wake.

Mtu alikuwa ameupita uwanja ukiwa umelala. Nyayo zilitoka upande wa nyumba, zikakata katikati, zikaelekea upande wa birika, na nyingine zikarudi. Zilikuwa ndogo, bapa, hazina kisigino, na katikati ya kila unyayo palikuwa na vistari vya mpira kama vya kitana. Anastazi alivaa kandambili za tairi. Baba alifanya kazi pekupeku. Mimi pia.

Baba alizitazama. Kengele ililia mpaka ikamaliza, naye hakusogeza mguu. Kisha akachukua fagio la kukokota, akaingia uwanjani, akazifuta zote, kutoka nyumbani hadi kwenye waridi, akarudi kinyumenyume akifuta na zake. Alifanya hivyo kila asubuhi hata kama ni jani tu lililoanguka. Kazi ya siku ilianza na fagio. Nami nikashika kamba.

Wageni walifika baada ya misa. Kabla ya chakula Madame alikwenda sebuleni kukileta kikombe, akarudi mikono mitupu, akasema kimeibwa. Hilo nililiona, nikiwa kwenye ngazi za jikoni. Alilisema bila kupandisha sauti, kama mtu anayetangaza matokeo.

Mgeni mmoja, mtu wa serikali kwa jinsi alivyozoea kuhoji, akatuita sisi watatu barazani. Anastazi alikuwa ametokwa na jasho hata masikioni. Baba alisimama na kofia mkononi. Mgeni akaniangalia mimi, akaniuliza kwa Kifaransa kama jana jioni nilimwona mtu yeyote akibeba kitu.

Msomaji, hapa ndipo ninapohitaji unisikilize kama rafiki, kwa sababu Nsimire tu ndiye niliyewahi kumwambia. Jumamosi jioni mimi sikuwepo. Nilikuwa kwenye mafundisho ya katekisimu. Lakini asubuhi ile jikoni Anastazi alikuwa amenichekea: "Baba yako jana amepita hapa na gunia, shingo imepinda kama ya bata. Atazeeka upesi huyo." Nilikuwa na neno hilo tayari mdomoni. Na nilikuwa na Kifaransa changu, nilichosifiwa nacho darasani kila nilipojibu kwa haraka na kwa sentensi kamili. Hakuna Mzungu aliyewahi kuniuliza swali mbele ya watu. Basi nikanyoosha mgongo, nikajibu kwa sentensi kamili kwamba nilimwona baba yangu, jana jioni, akibeba gunia zito.

Nilidhani namsifia kazi.

Mgeni akasema, "Bien." Ndiyo sifa niliyopata. Kisha akamgeukia baba, akamuuliza kwa Kiswahili chake: "Mutoto anasema kweli?"

Baba alinitazama. Alijua mahali nilipokuwa jana jioni. Yeye mwenyewe ndiye aliyenituma. Angeweza kusema mtoto hakuwepo. Akasema: "Nilibeba gunia, Bwana. Lilikuwa la unga wa matofali."

"Iko wapi?"

"Nimeumwaga uwanjani. Uko pale, mnaukanyaga."

Mgeni mmoja akacheka. Mtu wa serikali hakucheka. Alisema kwamba kwa heshima ya Madame hawataita polisi, lakini mtu huyu aondoke leo. Wote wakamwangalia Madame. Alikuwa ameketi, viatu vyeupe vimewekwa pamoja kama vya mtoto wa shule, na macho yake yalikuwa juu ya uwanja. Nilisubiri aseme kitu. Nilikuwa na hakika atasema, kwa kuwa nilimwona mara nyingi akimrudishia baba pointi pale mpira ulipogusa nje na baba hakuona. "Ilitoka, Bisimwa. Ni yako," ndivyo alivyokuwa akisema. Siku hiyo alisema, "Leo," akaomba chakula kiletwe.

Na mimi nilinyamaza kuhusu nyayo. Hakuna aliyeniuliza. Nilichokuwa nimekiona kilibaki ndani, na nilichokuwa nimesikia tu ndicho kilichotoka mbele ya watu kikiwa kimevaa neno "nilimwona". Nilichukua miaka mingi kuelewa kwamba sikudanganya kwa ubaya. Na nilichukua miaka mingi zaidi kuelewa kwamba hilo halikupunguza chochote. Baba alipata kazi kwenye tanuri la matofali huko Kadutu, ambako mapafu yake yaliisha kabla yake. Hakuniadhibu, wala hakulitaja jambo lile. Kila nilipoleta alama nzuri alisema tu, "Umesoma mwenyewe, au umeambiwa?" Nilidhani ni mzaha wake.

Je, alizifuta nyayo kwa mazoea ya kazi, au alizisoma, akamjua mwenye viatu, akaamua kumfichia aibu yake? Sikumuuliza. Nilikuwa na miaka ishirini na sita ya kumuuliza, nikawa nasubiri wakati unaofaa, mpaka akafa. Wanaojua jibu si watu wote wa Deo. Walikuwa wawili, na hawapo.

Nilipomsomea Nsimire mpaka hapa, alikuwa amekaa sakafuni akiuzungusha mpira mmoja kati ya viganja. Manyoya yake yalikuwa tayari yameanza kuwa ya kijivu.

"Babu, sasa kikombe alichukua nani?"

"Sikumwona mtu akikichukua."

"Lakini unajua."

"Kujua na kuona..." nilianza.

"Najua, Babu," akasema, "umeshaniambia." Akausimamisha mpira. "Basi niambie ulichoona mwisho. Usiongeze."

Nilichoona mwisho ni hiki. Wageni walicheza mchana, wakauchimba uwanja kwa visigino, wakaondoka na magari yao jua likiwa bado juu. Baba aliomba ruhusa ya jambo moja, amalize kazi ya siku, na Anastazi akaleta jibu kwamba amalize. Akaumwagia maji. Akalikokota gogo la chuma kutoka mstari hadi mstari. Mimi nilisimama nje ya ua wa misonobari, nimebeba furushi la vitu vyake, nikichungulia kati ya matawi. Alipomaliza alirudi kinyumenyume akifuta nyayo zake mwenyewe, akaegemeza fagio mahali pake, akaenda mbele kufungua lango la chini. Uwanja ulikuwa mwekundu, laini, hauna alama.

Akaja Madame. Alikuwa peke yake, na alivaa vile viatu vyeupe. Alifika ukingoni, akasimama, akautazama udongo. Kisha akainama, kwa shida ya umri wake, akafungua kamba za viatu, kimoja baada ya kingine, akavishika mkononi, akauzunguka uwanja kwa soksi kupitia majani, kuelekea kwenye birika.